Be na Re

Daftari la babu lina kurasa ndefu, nyembamba,
maandishi yaenda kulia hadi kushoto, wino umegeuka rangi ya chai.
Mfungo Tano, mwaka wa vita:
wateja tisa wa ndege moja.
Shati, kaptula, soksi, shati.
Kando ya kila jina, alama ya uzi mwekundu
aliyoishona bibi chini ya ukosi,
maana kaki zote hufanana zikiloa.

Jina la saba ni herufi mbili tu, be na re.
Aliitwa Pari. Kalamu ya babu haikuwa na pe,
wala hakujisumbua na irabu.
Basi soma utakavyo:
soma bari, soma bora,
soma bara, nchi kavu.

Miaka ishirini, masikio mekundu kwa jua.
Kikao chake kilikuwa ubavuni mwa ndege,
ndani ya kioo kilichotokeza kama jicho la changu,
rashasha mbele yake,
akitazama maji saa kumi na nne mfululizo,
akitafuta kijiti kimoja
kinachokwenda kinyume na mawimbi.

Jumamosi alikuja Bondeni kwa miguu,
akaketi kwenye gunia la makaa,
akatazama pasi ikifumbuliwa mdomo.
Baba yangu huchimba haya, alisema,
kwa mikono na kwa Kiswahili cha wiki tatu,
ila yetu ni mawe, na yako chini, chini sana.
Mimi nilikimbia giza.
Bibi akampa kiazi cha karai.
Pilipili ikamliza. Akaomba cha pili.

Jumamosi moja hakuketi.
Walikipata kile kijiti.
Waliangusha yote yaliyoning'inia chini ya mbawa,
maji yakapanda meupe,
kisha mafuta,
kisha kofia.
Kofia moja, alisema,
akaonyesha ukubwa wake
kama mtu anayepima mkate.
Babu hakujua la kujibu. Akaendelea kupiga pasi.

Wenzake walilipa mwisho wa mwezi.
Yeye safari ile alilipa kabla, akasema shati moja
limekatika kifungo.

Habari aliileta Ngumbao,
kibarua wa Kipevu aliyefunga ndege kwenye maboya.
Boya letu tupu, alisema, leo siku ya tatu.
Hakuongeza. Walikatazwa kuongeza.
Usiku mji ulikuwa giza kama kawaida ya siku zile,
vioo vimepakwa buluu,
na bibi akashona bila taa, kwa vidole,
asione anashona nini.

Karani wa jeshi akaja na orodha,
akahesabu mafurushi, akatia sahihi.
Shati la Pari lilikuwa ndani, likingoja kifungo.
Babu akamfuata hadi mlangoni kumwambia.
Uza, karani akasema, hajageuka.

Nguo ya mtu siuzi.
Huyu kalipa. Mwenye deni ni miye.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani alilifua,
akalitia wanga, akalipiga pasi, akalirudisha sandukuni.
Alipokuwa hoi aliusia nyumba,
akausia deni la duka la Hirji,
akausia shati.

Nimekwenda Mbaraki, nikasoma mawe yote.
Wenye mawe ni waliofia bara.
Nilimwuliza mtunza bustani
mtu wa baharini amana yake hupokewa na nani.
Alikuwa akimwagilia. Alinielekezea mpira wa maji
ninawe vumbi miguuni.

Be na re.
Babu alisoma bora, nafikiri.
Mimi usiku, umeme ukikatika,
kuna mara husoma bure,
kisha huona haya, nikafunga daftari
kana kwamba yupo mtu aliyenisikia.

Uzi mwekundu haujachuja.
Wiki jana nilipata kifungo Marikiti.
Si cha rangi ile,
lakini kinafunga.