Shuka

Niliandika ubaoni, darasa la tano, Langoni:
Shuka. Kitenzi. Toka juu, nenda chini.
Nikachora ngazi, nikachora mtu wa vijiti,
nikamgeuza uso kuelekea sakafu.

Lali Shee akanyoosha kidole.
"Mwalimu, si kweli.
Jana nimeshuka botini, natoka Mokowe,
maji yamekupwa kweli kweli.
Nimepanda vidato kumi na saba vya gati,
vitano vina ukoga.
Nimeshuka nikienda juu."

Darasa likacheka. Mimi nilishika chaki tu.

Bei ya sukari hushuka redioni,
dukani habari hazijafika.
Homa hushuka alfajiri, mto ukabaki umelowa.
Mshuko wa Ijumaa, Mkomani,
wanaume wanatafuta ndara zao mlangoni,
uwanja ni sawasawa kama meza,
nao wameshuka.

Na shuka la Bi Swabaha, lililoanikwa darini,
liling'oka kibanioni, likaelea juu ya kichochoro,
likamvika punda wa mchanga hadi masikioni.
Sisi watoto: "Shuka limeshuka!"
Naye, kutoka juu, kichwa wazi, ana hasira:
"Limeanguka!
Kushuka kuna adabu yake."

Baba alirudi kwa boti ya Mokowe,
siku ya maji makavu kama ile ya Lali.
Watu sita walimpokea.
"Shusheni, shusheni polepole," alisema nahodha,
na jeneza likapanda,
kidato kwa kidato, kichwa kikitangulia,
kanzu zao zimelowa chumvi hadi magotini.

Sisi wanawake tulibaki nyumbani.
Kaka zangu waliporudi, udongo kuchani,
Mama aliuliza, "Mmemshusha?"
"Tumemteremsha," alijibu Athmani,
akichagua neno
kama mtu anayechagua pa kuweka mguu gizani.
Mama akashusha pumzi.
Hiyo pumzi sijui ilikwenda wapi,
juu au chini, sikuiona.

Nikafuta "juu". Nikafuta "nenda chini".
Likabaki "toka", peke yake, limeinama kidogo,
nikaliongezea:
Toka katika kilichokubeba.

Wakanakili, ndimi nje.
Lali tu ndiye aliyesita, kalamu hewani,
anamtazama mtu wangu wa vijiti pale ngazini.
"Na huyu, Mwalimu?
Huyu alibebwa na nini?"