Kuhama

Mbelwa ameiweka juu ya kioo cha kabati
kama mtu anayetua yai.
"Aifoni hii, Mama Tunu, imetoka Dubai, haina hata mkwaruzo.
Betri asilimia themanini na tatu.
Laki tisa. Kwako wewe, laki nane na nusu,
na hilo Tekno lako nakukatia elfu arobaini."

Hilo. Amesema hilo.
Miaka minne limelala chini ya mto wangu,
limenyonya mafuta ya maandazi mpaka kitufe cha sauti kimegoma,
limetumbukia kwenye karai la mchuzi, shughuli ya Usagara,
likatoka linaongea.
Leo ni hilo, la elfu arobaini.

Lakini nisimlaumu. Najua kilichonileta Barabara ya Nane.
Ni biriani ya Bi Kidawa.
Sisemi ladha; kwa ladha tunajuana,
Tanga nzima inajua nani anaunguza vitunguu.
Nasema picha. Kwake zafarani inawaka,
kila punje imesimama peke yake
kama mwanafunzi aliyeitwa jina.
Kwangu pilau imetoka tope la Mgandini siku za masika,
na yule mama wa Raskazone, mwenye harusi ya watu mia nne,
aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili,
akanirudishia simu bila neno.

Basi nikaishika aifoni. Nilidhani nyepesi, kumbe nzito,
uzito wa kitu kinachojijua.
Nikajaribu kumwandikia dada yangu, Muheza.
"Dada" ikageuka "data".
Nikaandika "naja", ikawa "ninja".
Mbelwa akacheka: "Itakuzoea, bado mgeni tu huyo."
Mgeni siku mbili, nikasema moyoni, ya tatu mpe jembe;
lakini huyu nani atamfundisha kulima?

Maana hili langu linanijua, tena vibaya.
Nikianza "Nime", linamalizia "chelewa".
"Samahani" linaniletea kabla sijakosa.
"Nitalipa", na papo hapo, "mwisho wa mwezi".
Nikigusa K tu, linauliza: kesho?
Hakuna aliyewahi kunisoma hivi, hata marehemu Baba Tunu,
aliyenisema miaka kumi na tisa
bila kufika mwisho wa sentensi.

Nikawaza: kwa laki nane na nusu
ningepata kamera, sawa, na zafarani inayowaka,
ila ningepata pia simu isiyo na ushahidi.
Ningeandika "Nime" na isijue kitu.
Mtu akihama mtaa hubeba kitanda na masufuria,
madeni ya dukani huyaacha yamekaa barazani.
Nani asiyetaka?

Kisha nikakumbuka chaja.
Nyumba yetu Makorora ina vyumba sita
na waya mmoja unaoaminika;
unazunguka usiku kucha kama sahani ya futari,
anayeamka kwenda msalani huuchomoa kwake, huuchomeka kwa jirani.
Kwa aifoni ningekuwa na waya wangu, mweupe,
na hakuna wa kunigongea.

"Ngoja nifikiri," nikamwambia. Akaifunika kitambaa, taratibu.
Nikanunua kioo cha kubandika, elfu tano, kwa hilo langu,
nikafuta na lenzi kwa ncha ya mtandio.
Ncha ikatoka ya njano.
Miaka minne ya mafuta. Hee!
Sikuwahi kuifuta.

Mama wa Raskazone hakunipa harusi.
Alinipa sambusa tu, mia nane, kwa majaribio.
Jumamosi nilikuwa getini kwake saa kumi na moja alfajiri,
ndoo tatu miguuni, mlinzi bado amejigubika.
Nikaandika "Nime".
Likaleta "chelewa".
Nikafuta, herufi kwa herufi, nikaandika "fika".

Mbelwa bado ananipigia. Imeshuka, laki nane kamili.
Sijasema ndiyo, sijasema hapana.
Ila jana, nilipoanza "Nime",
hili la elfu arobaini likasita kidogo,
likaniwekea mawili, kushoto na kulia:
chelewa? fika?