Yenye Muhuri

Jina langu Zamzamu,
kazi yangu ni kalamu,
ofisi ya maji, humu
Malindi. Nina habari.

Bomba kuu lapasuka,
adhana ikisikika,
maji mekundu yatoka,
chai isiyo sukari.

Nikaketi, nikatunga:
“Limepasuka; mchanga
umeingia. Twaunga.
Chemsheni. Si hatari.”

Changawa, mkuu wangu,
akakata fungu fungu,
akafuta neno langu:
“‘Pasuka’ kali! Hariri.”

“Limepasuka” likawa
“hitilafu imekuwa;
hatua zachukuliwa;
tunawaomba saburi.”

Kisha kwa mwanasheria,
naye akaisinzia;
na bosi yu, nasikia,
mkutanoni, kwa siri.

Dama, muuza viazi
wa Maweni, hana ngazi
za kupanda. Simu wazi,
picha, sauti, tayari.

“Oneni maji ni haya!
Na wao hawana haya!”
Ikafika kila kaya
bila kuomba amri.

Kundi la harusi: “Sumu!”
Kundi la shule: “Ni damu!”
Mtu, sauti ya ghamu:
“Limechimbwa na kaburi.”

Wakamshika Kahindi,
muuza maji: “Hupendi
bomba lipone! Mshindi
wewe, shida ikijiri!”

Mitungi wakaimwaga,
Kahindi wakampiga,
na picha wakaipiga,
aonekane dhahiri.

Saa kumi, taarifa
ikatoka, ina sifa:
nembo, namba, safa safa,
sahihi, pia muhuri.

Waloipenda: wawili.
Mimi ndiye wa awali,
na shangazi, yuko mbali,
Siyu, hajui habari.

Nikifunga, akabisha,
jicho moja kalivisha
leso. Hakutatanisha:
“Nataka yenye muhuri.

“Simuni kila mmoja
ana ukweli na hoja.
Karatasi, hata moja,
haifutwi kwa jeuri.”

Nikamsomea. Kati
ya “hatua”, “mikakati”,
jina lake halipati.
“Nimo wapi?” Ni sifuri.

Nikaandika mwishoni,
kwa wino, bila idhini:
“Kahindi hamo kosani.
Limepasuka, si siri.”

Akabandika kwa uji
kwenye rukwama ya maji,
akapita nayo mji,
kimya, bila kufasiri.

Dama, mikono na unga,
akasoma akiunga
herufi; simu kalenga
ule wa mwisho mstari.

Mji wote wausoma,
huo tu. Ile milima
ya maneno ikazama
bila kuacha athari.

Leo napewa barua
ya onyo. Nimeijua
lugha: “kanuni”, “hatua”,
na chini, pale, muhuri.

Bomba jana limeungwa.
Hakuna kilichotungwa.
Mlangoni, umefungwa,
mtungi: maji, mazuri.