Koti Lisiloingia Ndani

Koti la Marjun limetundikwa nje, kwenye msumari wa banda,
mwaka wa pili sasa.
Mvua imelifua, theluji imelifua,
upepo wa kaskazini umelidai kama anayedai deni,
na bado linanuka.
Ukitaka kujua lilipata wapi harufu hiyo, panda nami.

Njia inaanzia nyuma ya kanisa,
inavuka kijito, inaingia kwenye majani mafupi
yaliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa kwa hasira.
Hakuna mti. Usiutafute.
Cha kushika ni jiwe, na jiwe nalo limelowa.
Kisha ardhi inakatika.
Haiteremki, inakatika,
kama mkate uliomeguliwa kwa mkono,
tabaka juu ya tabaka la mwamba mweusi,
moto wa kale uliopoa ukasahau kwamba ulikuwa moto,
na chini kabisa bahari inatafuna, inatema, inatafuna.

Kila ghorofa ya rasi hii ina mpangaji.
Chini, penye chumvi, sili wamejilaza kama magunia yenye macho.
Juu yao shakwe: soko zima, wauzaji watupu.
Huko juu kabisa, penye udongo laini, lundi wamechimba mashimo yao,
wanatoka kifupi kifupi, midomo imepakwa rangi,
mabwana harusi waliokosea tarehe.
Skua anazunguka angani, mtoza ushuru,
anangoja mwenye samaki.
Na katikati, kwenye vishubaka visivyozidi kiganja,
amekaa yule ambaye watu wa kisiwa humwita farasi wa bahari.
Hana kwato, hana singa.
Ndege wa kijivu tu, jicho jeusi, la upole.
Upole huo usikuhadae.

Ilikuwa Juni, mwezi ambao usiku hauingii,
unabisha hodi tu na kwenda zake.
Kondoo jike alikuwa amefuata majani mabichi
hadi mahali ambapo majani yaliisha na njia pia.
Siku tatu Marjun alimsikia akilia ndani ya ukungu.
Siku ya nne akamwamsha kaka yake.
"Bárður, leta kamba ya baba."
"Ya baba imeoza."
"Basi leta zote mbili."

Bárður alikita visigino kwenye udongo, akakaa.
Marjun akashuka, mgongo kwa bahari,
akihesabu matabaka kama mtu anayehesabu ngazi gizani.
Hapo ukungu ulikuwa chini yake pia.
Alipofikisha ishirini na tatu, uso kwa uso, farasi wa bahari:
yai moja jeupe, na mama yake juu yake.
"Samahani," Marjun alisema. Alisema kweli.
Ndege akafungua mdomo,
na mafuta ya moto, ya rangi ya machungwa, yenye uvundo wa samaki wa mwezi jana,
yakamwingia shingoni, mikononi, hadi kwenye soksi.

Kondoo alikuwa hatua nne kutoka hapo.
Alimtazama Marjun, kamba, uchafu ule wote.
Akageuka.
Akapanda ufa ambao hakuna mtu wa kijiji aliyewahi kuujua,
polepole, akitafuna,
akamtokea Bárður nyuma ya bega.

Bárður alicheka karibu aiachie kamba.

Tangu hapo koti liko nje.
Mwezi Mei alitaka kulichoma, akabeba na kiberiti.
Akarudi nalo mfukoni, njiti zote kamili.
Marjun hakuuliza. Alikwenda kutazama mwenyewe:
ndani ya mkono wa kushoto, nyasi, sufu, manyoya,
na kidege cha kahawia, kile wanachokiita ndugu wa panya,
mkia juu, kikimfokea
kana kwamba yeye ndiye anayenuka.