Rula ya Alasdair

Miaka thelathini na mmoja nimesukuma barua
katika matundu ya milango ya mji huu,
matundu ya chini, ya shaba, yenye springi kali,
na kila tundu lilikifunza kifundo changu neno lilelile:
jikunje, tupa, ondoka mbwa hajafika.

Ndiyo maana, alisema Una Gunn,
fimbo yako hukimbilia nyuma ya paja
kama mwizi wa kuku.

Una hukata nyasi za uwanja wetu alfajiri,
hukagua waya wa umeme unaozuia kondoo
wasilale kwenye vishimo.
Cheti cha kufundisha gofu hana. Macho anayo.
Alinitazama mapigo matano, Novemba, saa tisa alasiri,
jua la kaskazini limekwisha kuvaa koti liondoke,
upepo wa bahari ukitupekua mifukoni.
Mpira wa kwanza ulikwenda kulia. Wa pili, kulia.
Wa tano sikuuona tena.

Akaenda kwenye Landrova, akarudi na rula.
Rula ya mbao, ya shule, sentimita thelathini,
imechorwa kwa ncha ya bikari:
ALASDAIR G., DARASA LA TANO.
Akaipenyeza chini ya mkanda wa saa yangu,
nusu juu ya kigasha, nusu juu ya mgongo wa kiganja cha kushoto.
"Inua. Ikikuchoma, umekosa."

Ilinichoma.

"Mabega yaanze. Mikono ni abiria tu,
abiria hashiki usukani."
Ilinichoma.
"Fimbo ikifika kiunoni, ndipo gumba lipande,
lielekee bega, kama unaomba lifti
kwa dereva aliye nyuma yako."
Nikaomba lifti. Hakuna aliyesimama.
"Mkono wa kushoto unyooke, lakini usikauke:
nataka kamba ya kuanikia, sitaki mlingoti.
Kiwiko cha kulia kitazame nyasi.
Basi, ishia hapo! Ikining'inia shingoni
umepita nyumba, Effie,
na wewe hujawahi kupita nyumba."

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Nina miaka hamsini na minane, mimi ni wa kuanikwa,
nimekaushwa na chumvi na ngazi za mawe.
Lakini mbao haina huruma wala haina dharau.
Ilinigusa kila nilipodanganya,
ikanyamaza kila niliposema kweli,
na mara ya ishirini au ya thelathini, sikuhesabu,
ilinyamaza mpaka juu.

Pale juu pana kitambo kidogo.
Mgongo wa kiganja bapa kama bahasha isiyo na kitu,
uzito wote umekaa juu ya gumba,
na kondoo jike mmoja, kidevu juu ya nyasi,
ananitazama kana kwamba namdai.
Nilitaka kubaki humo.
Kisha kiuno kikageuka chenyewe
na mpira ukaondoka bila kuaga,
mnyoofu, si mbali sana.

Una hakusifu. Alisema, "Kaa nayo rula.
Mwenyewe haihitaji."

Mwenyewe yuko mtamboni, katikati ya bahari, anachimba mafuta.
Hilo mji mzima unalijua. Ninalojua mimi pekee
ni kwamba hajaandika tangu Pasaka,
maana mkoba ni wangu, na kila asubuhi
napita kwa Una na katalogi za mbegu,
bili, matangazo ya miwani.

Sasa naifanyia mazoezi jikoni, bila fimbo,
taa imezimwa majirani wasicheke:
bega, gumba, bapa. Bega, gumba, bapa.
Paka amehama.

Leo Una alikuwa na bili ya gesi.
Niliinama kwenye tundu lake la shaba,
nikaisukuma taratibu, kifundo kimenyooka,
kama mtu anayeweka yai.

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ikaja:
"Nimekuona. Bado unakunja."