Mtandao Uko Juu ya Jiwe

Huku kwetu Kilolo simu hazishiki bondeni.
Ukitaka kusema na watu, panda Jiwe la Kihefu:
nusu saa kwa miguu, zaidi kukiwa na utelezi,
na Machi yote ni utelezi.

Sentensi yangu niliiandika jikoni, usiku, kibatari kikitoa moshi:
Atanasi Kikoti amekula hela ya mabomba,
yeye na chama chake,
na watoto wake wananenepea kiu yetu.
Niliisoma mara tatu. Nikaipenda, hasa hiyo "kiu yetu".
Watu mia mbili wa kata wangeisoma kabla ya chai.
Nikalala nayo chini ya mto,
ikanipa joto kama figa.

Asubuhi nikaanza kupanda.

Kona ya kwanza, kwenye misindano ya marehemu Luvanda,
nikafuta watoto.
Mdogo wao, Veda, nimemfundisha mwenyewe kuhesabu.
Hanenepi yule. Ana kifua.

Kona ya pili lipo bomba lenyewe,
kavu, buibui ametanda mdomoni.
Hapo hasira ikanirudia yote.
Nikawarudisha watoto,
nikaongeza na neno moja ambalo mama asingelijua maana.
Nisijisifu: nilisimama pale nikicheka peke yangu.

Kisha mianzi.
Kikoti alikuwa humo, hajaniona,
ameinamisha chipukizi, analikwangua kwa kisu chembamba,
kiasi cha ukucha tu, kisha anairudisha mbeta mahali pake.
Ukikata kwa pupa chipukizi hufa;
nalijua hilo, nimeua mengi.
Ulanzi ulioshuka alfajiri ni mtogwa, hata mtoto hunywa.
Ukilala unakuwa mkangafu, unaangusha wanaume.

Na sentensi yangu ilikuwa imelala usiku kucha.

Nikapita kimya, mgongo ukiniwasha.

Mwaka juzi nilimwandika mwalimu Semeni Ngimba,
kwamba ameuza mahindi ya shule.
Mahindi yalionekana stoo ya pili,
magunia yote kumi na moja, kamba hazijaguswa.
Nikapanda jiwe tena kuomba radhi.
Tuhuma ilikuwa imefika hadi Ilula;
radhi walijibu watu tisa.
Sasa yuko Makambako. Tukikutana stendi
ananisalimia yeye kwanza, kwa heshima,
na hiyo ndiyo siwezi kuimeza.

Juu ya jiwe, vijiti viwili vya mtandao, mara kimoja.
Upepo wa kugonganisha meno.
Nikajiuliza: najua nini?
Najua mabomba sitini yalisomwa mkutanoni.
Najua nimehesabu arobaini na mawili,
mara mbili, nikiwa na kijiti, nikitia alama kwenye udongo.
Kumi na nane sijui.
Mengine yote niliyapata jikoni, kwenye moshi.

Nikafuta chama. Nikafuta kula.
Lile neno jingine lilijifuta lenyewe kwa aibu.
"Kiu yetu" niliiacha mwisho,
nikaitazama, ilikuwa nzuri kweli,
nikaifuta.

Ikabaki hii:
Ndugu Kikoti, mabomba kumi na nane yako wapi,
na risiti tutaiona lini?

Haina utamu. Hakuna atakayeirudia kilabuni
akipiga meza.
Kidole kikasimama juu ya kitufe.
Vijiti viwili. Kimoja. Viwili.

Nikateremka.

Alikuwa anafunga mbeta ya mwisho kwa kamba ya mgomba.
Nikamuuliza kwa mdomo, maneno yaleyale, bila kupunguza.
Kisu kikasimama.
Alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe,
kisha akakaa kwenye nyasi, na umande wote ule,
akasogea kidogo upande mmoja
ili pawe na nafasi.