Pishi ya Mfuto

Mzigo ulikuwa kilo kumi na nne na robo,
karafuu kavu, zisizo na kikonyo hata kimoja,
na mwenye mzigo alisimama kituoni Konde
akiisoma tiketi yake mara ya pili:
kilo elfu sita mia tatu themanini na moja.

"Mkarafuu wangu mmoja," alimwambia karani Mbarouk,
"na nusu yake imeliwa na mchwa."
Foleni ikacheka. Mbarouk akaipiga mizani kofi,
kisha akanipigia simu mimi.

Mimi ndiye niliyeiandikia mizani ile programu.
Nikaja kwa bodaboda kutoka Wete,
kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa.
"Taja jina, mama."
"Bimkubwa Shehe Makungu Asaa."
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Ishirini na saba, pamoja na nafasi za katikati.
Kisanduku nilichotenga: ishirini na nne.

Sikuweka mlango. Sikuweka wa kuuliza
mko wangapi huko nje?
Bimkubwa akaingia, Shehe akaingia, Makungu akaingia,
Asaa akatia mguu mmoja, ile A kubwa,
na s, a, a zilizobaki zikaruka kizingiti
zikaketi chumba cha pili, ulimolala uzito.
Kompyuta haijui mtu wala karafuu.
Ikazisoma herufi zile tatu na sifuri ya kufungia
ikatoa gramu milioni sita na ushei,
kwa wino safi, bila haya.

Mama yangu alichuma kwa pishi.
Msimamizi alitaka kilele; mama akipitisha kiganja,
mfuto, ukingo kwa ukingo,
maana kilele humwagikia jamvi la mwenzio
na jioni mnagombana nani mwenye punje.
Shuleni tuliimba haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuambia, kikishajaa,
afanye nini anayeendelea kumimina.

Bi Bimkubwa alirudisha tiketi.
Usingizi niliukosa kwa ajili ya yule asiyerudisha,
atakayekuja na jina la kutunga, herufi kwa herufi,
kila moja jino la ufunguo:
kwanza ajichagulie tani,
kisha asukume mbele, chumba hadi chumba,
mpaka zinapolala amri zenyewe,
na mizani imtii yeye.

"Likate jina," alisema Khatibu, mkuu wangu. "Lipite linalopita."
Nikajaribu. Ukiiachia sifuri mahali pake
hubaki herufi ishirini na tatu:
Bimkubwa Shehe Makungu, na nafasi tupu.
Asaa hayupo. Asaa ndiye aliyeupanda mkarafuu.
Na daftarini yumo Bimkubwa Shehe Makungu mwingine,
wa Makangale, mwenye akaunti yake benki.

Sikukata. Nilipanua, halafu nikaweka bawabu,
maana hata chumba kipana kina ukuta.
Nikapita kila mahali panapoguswa na vidole vya watu:
shehia, namba ya simu, namba ya gari.
Nikakuta mashimo mengine manne, yote ya mkono wangu.
Nikaandika a mia tatu mfululizo, nikabonyeza.
*Jina limezidi. Andika upya.*
Sijawahi kufurahi hivyo kukataliwa.

Juu ya msimbo, mahali pa maelezo,
nimemwachia atakayenirithi:

Pima kwanza cha kutia, chombo kabla hujajaza,
Cha ziada huingia, kwa jirani kujilaza,
Sifuri ya kufungia, usiache kuiwaza,
Kisipotosha, rudia, chombo kingine tengeza.

Jumamosi alirudi. Mbarouk akaandika kwa kidole kimoja.
Kilo kumi na nne na robo.
Akalisoma jina lake mpaka Asaa,
akaikunja tiketi mara mbili,
akauliza bei ya makonyo.